Mwalimu, usinitajie asilimia, nitajie shilingi

*Safu ya Maswali ya Wasomaji: Pesa za Nyumbani*

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mafinga, mwaka wa kumi na moja kazini. Nina pagala la vyumba vitatu ambalo nimelijenga kidogo kidogo hadi kufunga linta na kumalizia kozi za juu. Matofali ni ya kuchoma, na huku kwetu mvua zinaanza Novemba. Msimu uliopita zilinimegea kona mbili za ukuta wa nyuma. Fundi amenipa makisio: kupaua, yaani mbao za kenchi, bati za geji 28, misumari, fisha bodi na ufundi, ni 4,350,000. Milango na madirisha ni 1,650,000. Jumla milioni 6.

Benki inayopitisha mshahara wangu inanipa hizo milioni 6 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka. Kuna ada ya asilimia 1.5 pamoja na VAT juu ya ada hiyo, na bima asilimia 1. Naweza kurudisha kwa miezi 24, ila afisa amenishauri niende hadi miezi 72 ili rejesho liwe dogo. Kuna kampuni ya mikopo karibu na stendi ambayo riba yake ni asilimia 1.2 tu kwa mwezi, miezi 24. Ada asilimia 3, bima asilimia 1, na pesa natoka nazo siku hiyo hiyo. Wanachotaka ni kubaki na kadi yangu ya benki. Nimezidisha 1.2 mara 12 nikapata 14.4, kwa hiyo naona ni nafuu kuliko 17. Mume wangu naye anaona hivyo hivyo.

Nipo pia kwenye SACCOS ya walimu. Nina akiba ya 1,400,000, riba yao ni asilimia 1.25 kwa mwezi kwa salio, lakini wanakopesha mara tatu ya akiba, haifiki milioni 6. Mkononi napokea 744,000, na tunapanga nyumba kwa 80,000 kwa mwezi. Jambo la mwisho: redioni nilisikia Julai 2025 Benki Kuu imeshusha riba hadi asilimia 5.75. Mbona mimi naambiwa 17?
*Mwalimu, Mafinga*

JIBU: Marahaba, mwalimu. Barua yako imenikalisha mezani jioni nzima na kikokotoo, kwa sababu umeniandikia kila tarakimu. Wengi huniandikia "mama, nimepewa riba nzuri, nichukue?" bila kutaja hata kiasi cha mkopo.

Nianze na ulipoishia. Ile 5.75 si bei ya mkopo wako wala wangu. Ni riba elekezi ambayo Benki Kuu ilianza kuitangaza Januari 2024, kwa lengo la kuongoza bei ya pesa ambazo mabenki yanakopeshana yenyewe kwa yenyewe kwa muda mfupi. Benki ikishapata pesa inaongeza gharama zake, hatari ya wasiolipa, na faida yake. Ndiyo maana riba ya wastani ya mikopo nchini imekuwa ikicheza kwenye asilimia 15 kwa muda mrefu, hata pale riba elekezi inaposhuka. Kwa mkopo wa mtumishi, 17 haishangazi. Ipo juu kidogo ya wastani, na hapo una haki ya kuomba ipunguzwe. Omba. Mshahara wako unapita kwao kila mwezi, wewe si mteja wa kubahatisha.

Sasa ile 1.2 ya stendi. Nilikaa upande wa pili wa meza ya mikopo miaka 19, na hesabu uliyofanya wewe niliiona ikifanywa na wahasibu, na maaskari, na hata na mwalimu mwenzako wa hisabati. Kosa halipo kwenye kuzidisha, maana 1.2 mara 12 ni 14.4 kweli. Kosa ni kwamba asilimia zenyewe hazihesabiwi juu ya kitu kimoja.

Kampuni inatoza riba ya flati. Maana yake kila mwezi wanachukua asilimia 1.2 ya milioni 6 zote, yaani 72,000, hata kama umeshalipa nusu ya deni. Kila mwezi unapunguza 250,000 ya deni na kuwapa 72,000 ya riba, jumla 322,000. Nenda nayo hadi mwezi wa 24. Hapo umebakiza deni la 250,000 tu, na bado wanakutoza 72,000. Hebu fikiria jirani akukopeshe laki mbili na nusu kwa mwezi mmoja halafu adai elfu sabini na mbili juu yake. Ungekubali?

Benki inatoza kwa salio linalopungua. Mwezi wa kwanza riba ni 85,000 kwa sababu bado unadaiwa milioni 6. Kila unapolipa, deni linashuka na riba inashuka nayo, hadi mwezi wa 24 riba inakuwa kama 4,100 tu. Rejesho ni lile lile, takriban 296,650 kila mwezi.

Kwa hiyo kampuni unairudishia 7,728,000, na benki takriban 7,119,700. Ile uliyoiona nafuu imekuzidi kwa laki sita na elfu nane. Na hatujagusa makato ya mwanzo. Kampuni itakata 240,000 kabla hujashika pesa, utatoka na 5,760,000. Benki itakata 90,000 ya ada, 16,200 ya VAT na 60,000 ya bima, utatoka na 5,833,800. Nikichukua pesa utakayoishika kweli na marejesho utakayoyalipa kweli, nikazigeuza zote ziwe riba ya salio linalopungua kwa mwaka, benki inakuja karibu asilimia 20 na kampuni inagonga asilimia 30. Hizo ndizo namba mbili za kulinganisha, siyo 17 na 14.4.

Na kadi, mwalimu. Kadi usimpe mtu. Anayeshika kadi yako na namba ya siri ameshika mshahara wako. Atajilipa kwanza, akipenda atajilipa na faini, na wewe utakwenda kwake kuomba nauli. Nimewaona walimu waliokuwa wakisubiri mlangoni kwa mkopeshaji tarehe ya mshahara kama watoto wanaosubiri uji. Kwa hilo peke yake ningekuambia uondoke pale stendi, hata kama riba yao ingekuwa sifuri.

Umeshaona kwamba benki ni bora kuliko kampuni. Lakini ngoja, usiende benki bado, kwa sababu kuna ule ushauri wa miezi 72, nao unaniuma.

Rejesho la miezi 72 kwa riba ile ile ya 17 ni kama 133,500. Linaonekana jepesi, na mkononi unabaki na zaidi ya laki sita. Lakini jumla utakayorudisha ni takriban 9,610,000. Riba peke yake milioni tatu na laki sita. Ni zaidi ya mara mbili ya riba ya ile kampuni ya stendi! Asilimia haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni muda ambao pesa ya watu imekaa kwako.

Kibaya zaidi kipo ndani. Kwenye rejesho la kwanza la 133,500, elfu 85 ni riba. Deni linapungua kwa 48,500 tu. Mwaka mzima ukiisha utakuwa umelipa milioni moja na laki sita, na deni litakuwa limeshuka kwa laki sita na elfu thelathini hivi. Ndipo simu inapoita: "Mwalimu, umeshafikisha vigezo vya kuongezewa mkopo." Unaongezewa, deni linarudi pale pale, ada inakatwa upya, na kalenda inaanza upya kwenye ile miezi ya riba nyingi. Nilikuwa na mteja, muuguzi, mama mpole sana, ambaye nilimwongezea mkopo mara nne. Kila mara nilijaza fomu kwa mkono wangu, na kila mara nilimwambia riba yetu ni nafuu, maana kwa asilimia ilikuwa nafuu kweli. Siku anastaafu alikuja kuuliza salio lake. Nilipomsomea alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwani nilikuwa nalipa nini miaka yote?" Sikuwa na jibu la kumpa. Ninayoyaandika kwenye safu hii naandika kwa sababu ya swali lile.

Basi hapo ulipoandika "nipo pia kwenye SACCOS" ndipo nilipoinua kichwa. Umeitaja mwishoni, kama kitu ulichokwisha kukitupa, kwa kuwa haifiki milioni 6. Lakini unahitaji milioni 6 siku moja? Fundi amekutenganishia mwenyewe: paa 4,350,000, milango na madirisha 1,650,000. Kinachokimbizana na mvua ya Novemba ni paa. Dirisha halibomoi ukuta.

Mara tatu ya akiba yako ni 4,200,000. Kwa asilimia 1.25 ya salio, miezi 24, rejesho ni kama 203,650 na riba yote ni takriban 687,000. Upungufu kwenye paa ni 150,000, na hapo nakuamini wewe na fundi. Uko Mafinga, msitu wa Sao Hill uko mlangoni kwako, mbao unazinunua bei ambayo mtu wa Dar es Salaam anaiota tu. Kaa naye mpitie upya orodha ya kenchi. Usipunguze dawa ya mbao wala usichukue bati nyembamba zaidi. Punguza mapambo ya fisha bodi, hayo yanasubiri.

Kati ya rejesho la SACCOS na lile la benki la miezi 24 kuna tofauti ya 93,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo milango yako. Anza na milango miwili ya nje na madirisha ya vyumba viwili, mengine ziba kwa mbao kwa muda. Mkihamia kwenye vyumba hivyo viwili, ile 80,000 ya kodi inaungana na 93,000, na hapo kila mwezi una 173,000 za kumalizia nyumba bila kumuomba mtu.

Na hapa ndipo penye jibu la swali lako la msingi, kama riba inafaa kukubaliwa. Kwa miezi 24 unalipa kodi ya 1,920,000. Mkopo wa SACCOS, hata wakikutoza ada kidogo, utakugharimu kama laki saba na kitu. Ukihamia ndani ya mwaka, mkopo utakuwa umejilipa kwa kodi uliyoacha kulipa, na umeokoa ukuta. Usipohamia, ukapaua kisha ukaendelea kupanga kwa sababu ya vigae na dari, basi unalipa riba na kodi kwa pamoja, na hata asilimia 1 kwako itakuwa ghali. Kwa hiyo kabla ya kusaini, wewe na baba watoto kubalianeni tarehe ya kuhamia. Iandikeni.

Mambo mawili ya haraka. SACCOS zina foleni, na zinataka wadhamini ambao ni wanachama wenzako. Peleka maombi wiki hii, siyo mwisho wa Oktoba. Pia akiba yako itashikiliwa hadi umalize, kwa hiyo usiihesabu kama pesa ya dharura. Ikiwa foleni itavuka Novemba, nenda benki, chukua 4,350,000 tu kwa miezi 24, na umuulize afisa kwa maandishi: ukilipa mapema, kuna faini kiasi gani? Mshahara wako unaubeba mkopo huo bila kugusa ile theluthi moja ya mshahara ambayo mtumishi lazima abakiwe nayo.

SWALI: Shikamoo mama. Nauza chipsi Mbagala. Nilikopa 300,000 kwa jamaa wanaopita na daftari, narudisha 13,000 kila siku kwa siku 30. Niko siku ya 19 na nimeruka siku tatu. Wananitisha kwamba watabeba jiko na friji. Nimepata mtu wa pili wa kunikopesha niwalipe hawa. Nichukue?
*Kijana wa chipsi, Mbagala*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usichukue huo wa pili. Hiyo ndiyo njia ambayo kausha damu, hii mikopo ya mtaani ya riba kubwa, inakausha: wa pili anamlipa wa kwanza, wa tatu anamlipa wa pili, na friji inaondoka vilevile.

Tazama ulichonunua. 13,000 mara siku 30 ni 390,000. Riba ni 90,000, asilimia 30 kwa mwezi, na kwa kuwa unarudisha kila siku, hiyo laki tatu hujawahi kukaa nayo mwezi mzima. Kwa wastani umetumia pesa yao kama laki moja na nusu tu. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, wenye leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu, hiyo ni 10,500. Wewe unatozwa 90,000.

Ulipe deni, maana pesa ya mtu uliichukua. Umeshalipa siku 16, yaani 208,000. Waendee wewe kabla hawajakuendea, ukiwa na mjumbe wa mtaa au mtu mzima mnayeheshimiana, waombe rejesho lishuke hadi 7,000 kwa siku na kila malipo yaandikwe na kusainiwa. Waulize leseni yao mbele ya huyo shahidi. Mara nyingi swali hilo peke yake hushusha sauti. Wasipokuwa nayo, au wakigusa jiko lako bila amri ya mahakama, nenda serikali ya mtaa na polisi siku hiyo hiyo. Kama wana leseni, andika kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu. Usiogope, jiko ni lako.

Na kuhusu mikopo ya kwenye simu, kwa kuwa najua utaifikiria usiku: Novemba 2024 Benki Kuu ilizitaja programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni kwamba yanafanya kazi bila kibali. Baadhi yao walikuwa wakipekua majina ya watu kwenye simu ya mkopaji na kuwatumia ujumbe wa kumdhalilisha. Mama yako hatakiwi kupokea ujumbe huo.

SWALI: Assalaam alaykum. Nataka bodaboda ya 2,900,000. Kwa imani yangu sichukui riba. Benki ya Kiislamu itainunua na kuniuzia kwa 3,480,000, nilipe 145,000 kwa miezi 24. Ndugu zangu wananicheka, wanasema ni riba ile ile iliyovalishwa kanzu. Ni kweli?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Wa alaykumu salaam. Suala la dini waachie masheikh, mimi nitakujibu la bei. Huo mkataba ni murabaha: benki inanunua chombo, kinakuwa mali yake kwanza, kisha inakuuzia kwa bei ya juu inayojulikana. Faida yao ni 580,000, na haiongezeki hata ukichelewa. Hapo ndugu zako wamekosea, kwa sababu mkopo wa riba ukichelewa unakua.

Ila kipimo cha shilingi ni kile kile nilichompa mwalimu. Nenda kwenye benki mbili nyingine, uliza: kwa chombo cha 2,900,000 nitarudisha jumla ngapi kwa miezi 24, na ada gani nalipa mwanzo? Benki ya kawaida inayotoza asilimia 17 kwa salio ingekuletea rejesho la kama 143,400. Umeona jinsi zilivyokaribiana. 1,600 kwa mwezi kwa ajili ya utulivu wa moyo wako ni bei ninayoielewa.

Uliza jambo moja kabla hujasaini. Kwa kuwa umenunua kwa bei iliyofungwa, ukimaliza kulipa mapema benki hailazimiki kukupunguzia kitu. Zipo zinazosamehe sehemu ya faida kwa hiari yao. Waulize wao hufanyaje, na bima ya bodaboda kama imo ndani ya ile 3,480,000 au utailipa pembeni.